Maneno ya moto kwa kamati mpya za depo



Mwezi uliopita tulikaa siku mbili hapa Ndosho na kamati mpya za moto: vijana wengi, akina mama wanaouza maharagi, mlinzi mmoja wa depo na fundi wa mashini ya kusaga. Swali letu la kwanza lilikuwa hili: moto ukitokea deponi usiku wa leo, utawaambia watu wafanye nini? Jibu lilitoka kwa sauti moja, kama wimbo wa shule: “Walete maji!”

Ni jibu zuri kwa gunia la maharagi. Kwa bidoni ya esansi linaweza kuua. Kwa boksi la vidonge vya kufukiza nafaka ni baya zaidi. Ndiyo maana tumeamua kuandika makala haya (ya kusoma, si ya mbabula), ili yale maneno tuliyofundishana kwa siku mbili yawafikie pia wale ambao hawakuwepo.

Wengine watauliza, agronomu na moto ni wapi na wapi? Sisi kazi yetu ni mbegu, udongo na mavuno. Lakini mavuno yakishaingia deponi hayana tena ulinzi wa mvua wala wa shamba. Msimu mzima wa familia hamsini unaweza kuwa ndani ya chumba kimoja cha mbao chenye paa la mabati. Na Ndosho tunaijua sote: nyumba za mbao zimesimama juu ya mawe ya volkano, paa linagusana na paa, na vichochoro vingine hata chukudu lenye mzigo linapita kwa shida. Gari la kuzima moto hata likifika barabarani, halitaingia humo. Kwa hiyo dakika kumi za kwanza ni za kwetu, si za wapompie.

Vitu vitatu

Neno la kwanza ni pembetatu ya moto. Moto hauishi bila vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa yenye oksijeni, na joto la kutosha kuuwasha. Kila mama anayepika anaijua pembetatu hii ingawa hajaiita hivyo. Mbabula ikizimika, anaangalia kwanza kama makala yako, kisha anapepea ili hewa iingie, na kama bado, anaongeza kaa jekundu kutoka kwa jirani. Amekagua pembe zote tatu.

Kuzima moto ni kuvunja pembe moja. Kwa hiyo tuko na vitenzi vitatu tu, na tunaomba myashike kwa mpangilio huu kwa sababu amri za kamati zitakuwa kwa maneno hayo hayo. Kupoza ni kuondoa joto, mara nyingi kwa maji. Kufunika ni kuondoa hewa, kwa udongo mkavu, blanketi lililoloweshwa, kifuniko cha sufuria au unga wa kizima-moto. Kutenga ni kuondoa kitu cha kuungua: kufunga valvu ya gesi, kuburuta magunia ambayo bado hayajashika, kung'oa ukuta wa mbao kabla moto haujaufikia. Watu hukisahau hiki cha tatu, na kwa Ndosho yetu yenye maji ya kununua kwa bidoni, ndicho tunachokitumainia zaidi.

Hapo kijana mmoja akauliza swali ambalo hatukulitarajia. “Agronomu, sasa mazuku iko kwenye pembe gani?”

Tukakaa na swali lake karibu saa nzima, na hatujutii. Wageni huwa hawalijui neno hili, lakini watu wa Lac Vert, Bulengo, Mugunga na njia ya Sake wanalijua tangu utoto: mashimo na mabonde madogo ambamo asubuhi unakuta mbuzi amekufa, ndege wamekufa, na wakati mwingine mtu aliyeshuka kutafuta mnyama wake. Hakuna mchawi mle ndani. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za volkano. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi. Inatiririka kama maji na kujaa mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya.

Sasa, gesi hiyo hiyo ndiyo imo ndani ya aina moja ya kizima-moto, ile yenye mdomo mpana mweusi kama tarumbeta. Ukiifyatua juu ya moto, inafukuza oksijeni na moto unakosa hewa. Mazuku inaweza kuzima mshumaa, na sisi vilevile inatuzima. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Ikishuka hadi karibu 15, miali mingi inazimika na mtu naye anaanza kuchanganyikiwa.

Lakini sikilizeni jambo hili vizuri, kwa sababu tumewasikia watu wakisema wanapima mazuku kwa kibatari au mshumaa. Kaboni dioksidi si tu kwamba inachukua nafasi ya oksijeni. Yenyewe inalevya mwili. Ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache, huku mshumaa bado unawaka. Mshumaa ukizimika, umeshachelewa. Mtu akianguka shimoni usimfuate. Mwingine akishuka kumvuta, mnakuwa na maiti wawili. Tumia kamba, ndoano au mti mrefu kutoka juu, na ita watu. Na kwa sababu hiyo hiyo usifyatue kizima-moto cha gesi ndani ya chumba kidogo kilichofungwa na ukabaki humo.

Moto hauna aina moja

Kwenye lebo ya kila kizima-moto kuna herufi. Hazikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Zinasema chombo hicho kinazima kitu gani.

A ni vitu vigumu vinavyoacha majivu au kaa: mbao, magunia, maharagi, mahindi, karatasi, majani makavu. Hapa maji ni rafiki. Lakini moto wa A unajificha. Gunia la mahindi linaweza kuonekana limezimika na bado kaa liko katikati, likarudi kuwaka saa nne baadaye wakati watu wamelala. Ndiyo maana tunasema kufukua: kutoa magunia nje, kuyafungua, kuyamwaga na kuyalowesha hata kama inauma kuona mavuno kwenye tope. Tumeona depo moja ikipotea mara ya pili usiku ule ule juu ya kuyaonea magunia huruma.

B ni vitu vya majimaji: esansi, mazuti, petroli ya taa, rangi, pombe kali. Hapa maji ni adui. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yanaelea juu yake na kuendelea kuwaka, na maji yanayabeba hadi kwa jirani.

Kuna jambo moja kuhusu esansi ambalo fundi wetu wa mashini alitusaidia kulieleza. Kinachowaka si yale majimaji yenyewe, ni mvuke wake. Mazuti yanahitaji kupashwa kidogo kabla hayajatoa mvuke wa kutosha. Esansi inautoa wakati wote, hata asubuhi ya baridi ya Goma, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa kama mazuku. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unakutana na mbabula ya jirani mita kadhaa mbali, na moto unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye bidoni. Mtu aliyekuwa anamimina hajui hata moto umetoka wapi.

Goma imelipa bei ya somo hili. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Wengi walikimbia wakapona. Lakini siku chache baadaye, kwenye kituo kimoja cha mafuta kilichozungukwa na lava ambayo bado ilikuwa na moto, watu walikwenda kuchota esansi. Kituo kikalipuka na makumi ya watu wakafa pale pale, watu ambao volkano yenyewe ilikuwa imewaacha hai. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kwenye njia ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaja na mabeseni na bidoni, watoto pia. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 200 walikufa, na wengine walikuwa ndani ya nyumba zao tu, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Tunayaandika haya juu ya wale vijana wa kamati waliocheka tuliposema mafuta yaliyomwagika hayachotwi. Mnawajua. Hawakucheka tena.

Kwa hiyo: esansi haikai deponi pamoja na nafaka. Ina kibanda chake, nje, chenye matundu ya hewa chini na juu. Mashini ya kusaga inazimwa na kupoa kabla ya kuijaza. Na bidoni ya esansi haifanani na bidoni ya maji, ipakwe rangi. Usiku, kwenye fujo, mkono hausomi harufu.

C ni gesi, kama chupa za gesi ya kupikia zinazoanza kuonekana mjini. Kanuni yake ni fupi: usiuzime mwali wa gesi kama huwezi kufunga valvu. Ukiuzima bila kufunga, gesi inaendelea kujaa chumba na kutafuta cheche nyingine.

Kuna pia F, mafuta ya kupikia. Mama wa mandazi anayepasha mawese hadi yanashika moto asimwage maji hata kikombe kimoja. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unachukua nafasi mara 1,600 hivi kuliko maji yenyewe. Sufuria inatapika moto hadi darini. Afunike kwa kifuniko au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, aondoe moto chini yake, na asifunue kuchungulia.

Umeme hauna herufi yake, lakini una amri yake: kata kuran kwanza. Tangu umeme wa maji wa Virunga uanze kufika mitaani, nyumba nyingi za Ndosho zimeunganishwa, na hilo ni jema. Kibaya ni ralonji moja inayobeba pasi, friji na mashini ya kunyoa, ikiwa imefichwa chini ya zulia. Kikata umeme kiko wapi deponi kwenu? Nani anakifikia gizani? Kati ya watu ishirini na mmoja tuliowauliza swali hilo, watatu ndio walijua.

Moshi huua kabla ya moto

Watu wengi wanaokufa kwenye moto hawakuunguzwa. Walivuta moshi. Ndani ya moshi kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo inashika damu mahali pa oksijeni na haiachii. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, na mtu anakufa akiwa anadhani anapumzika.

Hapa tunaomba wafugaji wa kuku watege sikio. Tunajua vifaranga wanahitaji joto wiki za kwanza, na tunajua wengi wenu mnaweka mbabula katikati ya chumba, mnaziba matundu yote kwa shitingi, kisha mtu mmoja analala humo humo ili ailinde. Huyo mtu yuko hatarini kuliko vifaranga. Makala yakiungua bila hewa ya kutosha yanatoa gesi hiyo kwa wingi. Na mbabula hiyo iko karibu na takataka za mbao, karibu na shitingi, karibu na boksi: pembe zote tatu zimealikwa. Kama hamna njia nyingine ya joto, mbabula isimame juu ya mawe, izungushiwe bati, matundu ya juu yabaki wazi, na mtu asilale ndani. Aamke kila saa aje kuangalia. Ndiyo, inachosha.

Kwenye chumba chenye moshi hewa nzuri iko chini. Kwa hiyo kutambaa: magoti na mikono, mdomo karibu na sakafu, kufuata ukuta hadi mlangoni. Kabla ya kufungua mlango wowote uliofungwa, uguse kwa nyuma ya mkono. Ukiwa na joto, usiufungue. Nyuma yake moto unaweza kuwa umelala kwa kukosa hewa, na wewe unamletea hewa; unalipuka usoni kwako. Na ukiona ndani ya chumba moshi mweusi mzito umeshuka toka darini na joto linakubonyeza chini, ondoka wakati huo huo. Chumba kizima kiko karibu kushika kwa pamoja, mbao, magunia na hata moshi wenyewe.

Mwisho wa kipande hiki, sumu za shamba. Hii ndiyo sehemu ambayo sisi maagronomu tunabeba lawama, kwa sababu tuliwapa dawa bila kuwaambia zinawakaje. Moshi wa dawa za wadudu ni sumu, na maji yanayozimia moto huo yanatoka na sumu hadi kwenye mboga za jirani. Simama upande upepo unakotoka, weka watu mbali, na maji yaliyotumika yazuiwe kwa udongo yasitiririke. Vidonge vya fosfidi ya alumini, vile vya kufukiza nafaka, visiguswe na maji kabisa: vikilowa vinatoa gesi ya fosfini, ambayo inaua na inaweza kujiwasha yenyewe. Vikiwa deponi, kila mwanakamati ajue rafu yake. Vizuri zaidi, visikae na nafaka kabisa wala chumba wanacholala watu.

Maji machache yaende wapi?

Hapa ndipo tulipogombana, na tunaona ugomvi ule ulikuwa na faida.

Joto linasafiri kwa njia tatu. Linapita ndani ya kitu: bati likishika moto upande mmoja, gunia lililoegemea upande wa pili linaungua bila kuona mwali. Linapanda na hewa: moshi wa moto unajaa chini ya paa na kutambaa hadi nyumba ya tatu kupitia nafasi ya darini. Na linaruka: ukuta wa mbao ng'ambo ya kichochoro unaanza kutoa moshi ingawa hakuna mwali ulioufikia, kama uso wako unavyoungua ukikaa mbele ya moto mkubwa wa kambi.

Ukishaelewa hivyo, hesabu inakuwa chungu. Tuseme mna bidoni kumi za lita 20. Ni lita 200. Nyumba ya mbao iliyoshika yote haizimiki kwa lita 200. Lakini lita 200 zinaweza kulowesha kuta za nyumba mbili za jirani zisishike. Kwa hiyo tulisema: nyumba ikishashika hadi paa, maji yaende kwa ile ambayo bado haijaungua.

Mama mmoja akasimama. “Agronomu, nyumba yangu inaungua, watoto wangu wanalia, na mko mnamwagia maji ya jirani? Mutanieleza nini kesho?”

Hatukuwa na jibu tamu. Tulimwambia ukweli: kama hakuna mtu ndani, nyumba hiyo imeshaondoka, na mtaa bado upo. Mzee mmoja akaongeza jambo gumu zaidi. Wakati mwingine inabidi kubomoa nyumba nzima ambayo haijashika, ili moto ukute nafasi tupu. Hiyo ni kutenga kwa maana yake kamili. Nani atakubali yake ibomolewe? Na nani atamlipa? Usiku wa moto si wakati wa kujadili hayo. Kamati mbili kati ya zile zilizokuwepo zimekwisha kuitisha kikao na wamiliki wa nyumba za mstari wao, ili waandike kabla: nyumba ipi itakuwa ya kubomolewa moto ukitoka upande huu, ipi ukitoka upande ule, na koperative itachangia nini kuijenga upya. Tunawashauri wengine wafanye hivyo pamoja na chifu wa avenyu. Hatujui njia nyingine ya haki.

Kuhusu bidoni zenyewe, jambo dogo ambalo lilituchekesha kwenye zoezi. Bidoni ya kawaida ina mdomo mwembamba. Kijana aliiinua, akaielekeza motoni, na maji yakatoka glu-glu-glu kwenye viatu vyake. Maji ya moto yawekwe kwenye ndoo, mabeseni au bidoni zilizokatwa juu, zikiwa zimefunikwa ili mbu wasizaliane, na zisiguswe kwa kufulia. Mnyororo wa watu unakuwa na mistari miwili: mmoja unapeleka zilizojaa, mwingine unarudisha tupu. Mstari mmoja unagongana baada ya dakika mbili; tulihesabu.

Sauti moja

Kamati inachagua kiongozi wa tukio na naibu wake. Usiku wa moto sauti yake tu ndiyo inatoa amri, hata kama mwenyekiti wa koperative yupo. Tulijaribu amri kadhaa na moja tuliibadilisha. Tulikuwa tunasema “Rudi!” tukimaanisha waondoke kwenye moto. Vijana wawili wakaelewa warudi ndani. Sasa tunasema “Nyuma!” na kila mtu anajua ni wapi.

Kengele nayo ilitupa kazi. Usiku katika mitaa yetu watu wanagonga sufuria na kupuliza filimbi wezi wakiingia, na kila nyumba inayosikia inafunga mlango na kuweka kufuli. Kama kengele ya moto ni sufuria zile zile, mtajifungia ndani huku moto unakuja. Chagueni sauti nyingine kabisa. Kamati moja imechukua kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa, kinagongwa mara tatu, kimya, mara tatu. Mlinzi anagonga kwanza, halafu ndiyo anatafuta ndoo. Kwa mpangilio huo, si kinyume.

Wakishatoka, watu wote wanakwenda mahali pa kukusanyika palipochaguliwa mapema, upande usiopulizwa na moshi, na mtu mmoja anahesabu. Asiyehesabiwa anatafutwa kwa kuuliza kwanza, kwa sababu mara nyingi yuko kwa shangazi yake. Hakuna anayerudi ndani kuchukua simu, daftari la madeni wala gunia.

Kizima-moto, ambacho wengi tunakiita ekstenkteri, kina hatua nne: vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto na si kwenye miali, bana mpini, fagia kushoto na kulia. Simama mita mbili au tatu, mlango ukiwa mgongoni kwako, na mwenzako nyuma yako. Kile cha gesi kinatoka baridi kali sana, usishike tarumbeta yake kwa mkono mtupu. Wengi walishangaa kusikia kwamba chombo cha kilo sita kinaisha kabla ya nusu dakika. Kama moto umekupita urefu, au kizima-moto kimeisha na bado unawaka, kazi yako imekuwa ni kutoka na kuhesabu watu.

Nguo za mtu zikishika asikimbie, kukimbia ni kupepea mbabula. Asimame, alale chini, afunike uso kwa mikono na abingirike. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zitolewe kabla hajavimba, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe kwa waganga. Dawa ya meno, mafuta na majivu visipakwe. Tunajua bibi zetu walifanya hivyo. Nesi atavikwangua, na maumivu yake hamtayasahau.

Vizima-moto vya depo nne tulizozitembelea viliangaliwa siku ya pili. Mshale wa kipimo unatakiwa kuwa kwenye sehemu ya kijani. Kwenye viwili ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na kimoja kilikuwa kimefungiwa kabatini pamoja na madaftari, ufunguo ukiwa kwa mtunza hazina anayelala kwake ng'ambo ya mji. Ufunguo umekwisha kutolewa. Zoezi lijalo la mnyororo wa ndoo litafanyika usiku, bila kuran, kila koperative deponi kwake, na watu wetu watakuja kushika saa.